Jina la Sandukuni

Iguguno,
6 Machi 2022

Kwako dada Ritha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ubelgiji na kwamba baridi imepungua. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anatembea mpaka uani kwa kushika ukuta, ila macho yake yote mawili sasa yamefunga kabisa. Ananijua kwa sauti na kwa kunipapasa kiganja. Flora wangu yuko darasa la sita. Mvua ilikatika Januari alizeti ikasinyaa, halafu ikarudi kwa fujo, kwa hiyo tutavuna nusu.

Usishangae kuona karatasi wakati watu wote wanapigiana simu. Laini yangu ilifungwa tangu waliposema kila mtu aisajili kwa kitambulisho na alama za vidole. Simu ya jirani naazima, lakini jambo hili siwezi kulizungumza humo, maana jirani anasikiliza kuliko mimi ninayeongea. Barua ataiposti Mzee Mansuri, yule mwenye duka la vitenge Singida Mjini. Jibu lako nalo lipitishe kwenye sanduku lake la posta, nimekuandikia namba nyuma ya bahasha.

Tulisikia redioni kwamba umeacha kucheza tenisi. Mtangazaji alisema, "Dina Emilian, binti wa Mkalama aliyefika nafasi ya mia na themanini na nane duniani, ametundika raketi." Mama akaniambia niongeze sauti. Nilikuwa nachambua mlenda. Nikasikia jina langu linasifiwa, nikaendelea kuchambua mlenda.

Dada, nifike kwenye shida yangu. Mashamba ya kijiji yanapimwa. Kila mwenye shamba anaandikwa na kupewa hati ya kimila, na haandikwi mtu asiye na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ni Septemba. Shamba la baba la bondeni, baba mdogo Alute ameshasema kwamba kama hakuna mtoto wa Emilian mwenye kitambulisho, ataliandika lake. Ameshachomeka na vijiti vyake vya mpaka.

Nilikwenda Nduguti kujiandikisha. Binti wa kompyuta aliandika jina langu, mwaka wangu, jina la baba na la mama. Halafu akageuza kioo ili nione. Ilikuwa sura yako, dada. Umevaa hereni. Akaniuliza, "Dina Emilian wa mwaka themanini na nane ni huyu hapa. Wewe ni nani?" Watu wa kwenye benchi walicheka, mmoja akasema niitiwe polisi. Nilitoka pale naona haya utadhani nimeiba mimi.

Najua ulijiandikisha ulipokuja kumzika baba mwaka 2018, kwa ajili ya pasi yako mpya. Ilibidi, maana huko ulikuwa unajulikana hivyo. Lakini sasa umestaafu. Naomba uende kwa wakili ule kiapo kwenye karatasi moja tu, useme kwamba wewe ni Ritha wa mwaka 1985 na kwamba jina ulilochezea ni la mdogo wako. Nirudishie jina langu, dada. Siombi kingine.

Mama anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Dina


Namur, Ubelgiji
20 Aprili 2022

Mdogo wangu Dina,

Marahaba, mdogo wangu. Mimi sijambo, au niseme sijambo nusu, maana bega la kulia limekufa, nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Wewe hujambo? Flora hajambo? Mwambie mama namkumbuka, nitakuja mambo yakitulia.

Barua yako ilinitia hofu kabla haijanichekesha. Kuona mhuri wa Singida nikasema kuna msiba, nikaifungua nimesimama mlangoni na koti langu mwilini. Kumbe ni vitambulisho! Dina, wewe bado ni yuleyule aliyekuwa anakuja darasani kwangu kulia kwamba mtu kamchukulia kalamu.

Ngoja nikueleze mwenzio nilivyoishi. Nimecheza miaka ishirini. Nimelala kwenye stesheni za treni za nchi ambazo wewe hujui kama zipo. Harare, Tunis, Cairo, halafu vijiji vya Ufaransa ambako mtazamaji alikuwa mmoja, tena na mbwa wake. Bega nimedungwa sindano mpaka daktari akakataa kunidunga. Mara moja tu katika maisha yangu niliingia raundi ya kwanza ya mashindano makubwa kabisa, yale ya viwanja vya udongo mwekundu. Nikakutana na mtoto wa Kirusi mwenye mikono kama mitarimbo, akanifunga sita bila, sita moja, kwa dakika arobaini na nane, mbele ya watu wanaokula aiskrimu. Ile gemu moja niliyoipata, Dina, niliililia kwa furaha chooni. Hivyo ndivyo nilivyolipata jina hili. Wewe ulipewa tu kanisani ukiwa umelala.

Sasa nafundisha kwenye chuo cha tenisi hapa. Mlangoni wamebandika picha yangu ya urefu wa mlango wenyewe, na chini yake hilo jina. Watoto wa matajiri wananiita Madamu Dina, na mama zao wananiletea keki. Niende kwa wakili nikaseme huyo wa mlangoni siye? Ungekuwa wewe ungekwenda?

Tatizo lako ni dogo kuliko unavyoliona. Jiandikishe jina jingine. Kwa mtu wa Iguguno jina ni la kuitwa aje ale, basi. Chukua lolote. Nani anakujua huko? Hata langu la Ritha limelala bure, cheti changu cha ubatizo kiko sandukuni kwa mama kinaliwa na mende. Halina kazi tena lile.

Nawatumia kofia mbili, na picha yangu yenye sahihi kwa ajili ya Flora. Awaonyeshe wenzake.

Dada yako,
Ritha


Iguguno,
22 Mei 2022

Kwako dada Ritha,

Shikamoo dada. Pole sana na bega. Mama anasema ulikande kwa maji ya moto yenye chumvi na usibebe kitu kizito. Tumefurahi kusikia unaendelea. Sisi ni wazima, isipokuwa kuku, wameingiliwa na ugonjwa wa kideri wakabaki watatu.

Kofia zimefika. Picha nayo imefika. Umesaini jina langu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Flora akaniuliza, "Mama, mbona mama mkubwa ameandika jina lako?" Nikamtuma maji.

Huenda umesahau, dada, kwa kukaa mbali. Nakukumbusha wala si kwa ubaya. Mwaka ule wajenzi wa barabara walipopiga kambi hapa juu, wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mitatu. Mama Greta, mke wa injinia, ndiye aliyechora mistari kwenye ile sakafu ya saruji, akafunga katikati wavu wa samaki alioununua ziwani Kitangiri. Tulikwenda wote wawili kuokota mipira iliyoangukia kwenye alizeti. Aliyepewa raketi ni mimi. Aliupenda mkono wangu wa kushoto, akawa anasema atakayecheza na mimi hatajua mpira unatokea wapi. Wewe ulikaa kwenye tofali ukicheka kwamba napiga kama mtu anayefukuza nyuki. Ulianza kushika raketi yangu nilipokwenda kuchota maji.

Alipoondoka kurudi kwao aliacha barua ya kunipeleka Arusha, kwenye majaribio ya watoto chini ya miaka kumi na minne. Barua ile ilikuwa na jina langu. Wiki ileile nikajikata mguu kwa jembe, ukavimba hata kiatu cha baba hakiingii. Baba akasema nafasi isipotee. Akakupa raketi yangu, barua yangu na cheti changu cha ubatizo, kwa kuwa wewe mwili wako ulikuwa mdogo na hakuna ambaye angejua. Akakwambia mbele ya mama: "Nenda umshikie mwenzako nafasi, kama mnavyoshikiana foleni kisimani. Akipona, anakuja."

Unakijua kisima chetu. Mtu akikuachia ndoo yake kwenye foleni huisukumi pembeni. Hata muwe mmegombana jana, zamu yake ikifika unamwita, naye anakuja anachota, yanaisha. Baba aliamini dunia nzima inakwenda hivyo. Hilo ndilo kosa alilofanya, wala hakuwa na jingine.

Mguu ulipona baada ya wiki saba. Nilifua gauni langu la kanisani, nikalipiga pasi ya mkaa, nikawa nakaa barabarani kila basi la Arusha linapopita. Nilikaa mpaka gauni likanibana.

Sikudai tenisi, dada. Mkono wangu wa kushoto siku hizi unajua jembe tu. Shamba la bondeni likienda, mimi na mama na Flora hatuna pa kulima wala pa kuzikwa. Na mimi ni mtu. Nataka nikiulizwa jina langu nilitaje bila mtu kucheka. Wewe ndiye dada yangu, nikikukosa wewe nitamwendea nani?

Tafadhali jibu mapema. Septemba iko karibu.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Dina


Namur, Ubelgiji
2 Julai 2022

Dina,

Marahaba. Mimi ni mzima, nanyi nadhani ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika. Kwa hiyo nitakwambia ukweli mara moja, tusirudiane.

Unafikiri sikumbuki? Nakumbuka kuliko wewe. Nilikaa kwenye tofali lile miezi minane nikikuangalia unavyosifiwa, na mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa naamka kabla yako, nachukua raketi, napiga mpira kwenye ukuta wa ghala la saruji mpaka mlinzi ananifukuza. Mama Greta hakuwahi kuniuliza jina langu.

Na barua ya baba ilinifika. Ulikuwa hujui hilo, sasa lijue. Nilikuwa nimeshashinda Arusha, nimeshapelekwa shule ya michezo Nairobi, nimekaa kwenye benchi nafunga kamba za viatu kwa ajili ya fainali. Baba aliandika: "Mguu wa Dina umepona, njoo mbadilishane." Niliichana vipande vinne nikaingia uwanjani nikashinda. Sijawahi kucheza vizuri kama siku ile. Ningejibu nini? Nikupishe wewe uliyekaa wiki saba bila kushika raketi, nirudi mimi kulima uwele? Nafasi ni ya aliyeikalia, mdogo wangu. Kisima ni kisima, na huku ni huku.

Unasema karatasi moja tu. Karatasi hiyo ikisomwa, vikombe vyangu vyote vya utotoni vinafutwa, maana nilivishinda nikiwa nimezidi umri kwa miaka mitatu. Vikifutwa hivyo, chuo kinaniondoa. Wakiniondoa, kibali cha kuishi hapa nacho kimeandikwa jina lilelile. Unataka nipoteze vyote hivyo ili wewe uandikwe kwenye daftari la mtendaji wa kijiji? Kwa ajili ya heka tatu za alizeti?

Nikwambie na hili, japo litakuuma. Hata ungekwenda wewe, usingefika. Ulikuwa na mkono, ndiyo. Lakini ulikuwa mtoto wa kungoja. Umekaa barabarani ukangoja basi mpaka gauni likakubana, umeandika mwenyewe! Mimi ningekuwa wewe ningekwenda kwa miguu.

Nimeshakupa ushauri. Jina lipo sandukuni, lichukue ama liache. Usiniandikie tena kuhusu jambo hili. Kwa kweli usiniandikie tena, maana katibu wa chuo ndiye anayepokea barua, na ameanza kuniuliza huyu Dina mwingine ni nani.

Msalimie mama.

Ritha


Iguguno,
11 Septemba 2022

Kwako dada Ritha,

Shikamoo dada. Hujambo na kazi? Sisi hatujambo. Ulisema nisikuandikie, lakini hii ni ya mwisho, na si ya kuomba.

Nimefanya ulivyonishauri. Nilifungua sanduku la mama, nikakikuta kile cheti chini ya kanga zake. Mende hawakukila. Nikampakia mama kwenye bodaboda, nikamshika kwa nyuma, tukaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji ni mgeni, ametoka Kigoma, hamjui mtu hapa. Alimuuliza mama, "Bibi, huyu ni nani wako?" Mama akanipapasa kiganja muda mrefu. Akasema, "Huyu ni Ritha wangu. Ndiye kifungua mimba wangu."

Baba mdogo Alute alipiga kelele kwamba ni uongo, kwamba mimi ni Dina. Mtendaji akamuuliza kama anataka kusema mama mzazi hamjui mtoto aliyemzaa. Majirani wawili wakasaini kuwa mashahidi, kwa furaha kabisa, kwa sababu baba mdogo Alute alishawahi kuwasogezea na wao vijiti. Nikaenda Nduguti na barua ya mtendaji, nikapigwa picha, nikaweka vidole vyote kumi. Yule binti wa kompyuta alikuwa likizo.

Shamba limeandikwa. Na laini ya simu nimesajili, ila namba sikuwekei hapa, kwa kuwa hujaiomba.

Kila la heri na kazi yako.

Mdogo wako,
Dina


Ubelgiji,
9 Februari 2025

Mdogo wangu mpenzi Dina,

Hujambo, mdogo wangu? Mama hajambo? Flora lazima sasa ni msichana mkubwa. Ni muda mrefu, najua. Nimewaota sana siku hizi.

Sitazunguka. Mambo yameharibika. Novemba chuo kilifanya sherehe ya viwanja vipya, gazeti likaandika kuhusu mimi. Siku ya sherehe nikamwona bibi mmoja anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ana fimbo mapajani na maua. Akaanza kuniita kwa mbali kwa Kiswahili, "Dina! Dina wangu!" Mimi nikainama nimkumbatie, nikidhani ni mshabiki. Akanishika mikono yote miwili, akaitazama. Halafu akanipa raketi ya mtoto mmoja aliyekuwa karibu akasema nimpigie mpira mmoja tu, kama zamani. Nikaishika kwa mkono wa kulia.

Mama Greta, Dina. Yuko hai, alikuwa amenisoma gazetini. Akasema mbele ya mkurugenzi na wazazi, "Mkono wa kushoto uko wapi? Huyu si Dina. Huyu ni yule mkubwa aliyekuwa anakaa kwenye tofali." Kumbe aliniona siku zote zile.

Mwanzoni walisema bibi amezeeka. Lakini alikuwa na picha. Wewe una raketi kushoto, mimi nimekaa nyuma, na nyuma ya picha ameandika majina yetu na umri wetu. Ndani ya mwezi mmoja vikombe vimefutwa. Jina limetolewa kwenye orodha zote, miaka ishirini, utadhani sikuwahi kushika raketi. Picha ya mlangoni waliibandua nikiwa bado nakusanya vitu vyangu. Mama mmoja wa keki alinipita bila kunisalimia.

Halafu wakaja wa uhamiaji. Pasi yangu ya Dina imebatilishwa kwa kuwa si yangu. Nikasema basi mimi ni Ritha Emilian, nirudisheni kwetu. Wakauliza ubalozi. Jibu limekuja kwamba Ritha Emilian wa mwaka 1985 yupo Iguguno, ana kitambulisho, ana vidole kumi, ana na shamba. Wameniuliza swali lilelile ulilouliza wewe... uliloulizwa wewe. "Wewe ni nani?" Nimewekwa kwenye nyumba ya watu wasio na karatasi. Tuko wanawake sita chumba kimoja. Siwezi kukaa kwao, siwezi kurudi kwetu.

Nenda kwa hakimu, mdogo wangu, ule kiapo kwamba Ritha ni mimi. Karatasi moja tu. Najua nimeandika nini. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa naogopa. Nirudishie jina langu, nije nikae na wewe na mama, nitalima kwa mkono wa kushoto.

Wako,
Ritha


Ubelgiji,
27 Aprili 2025

Dina,

Sijapata jibu. Labda Mzee Mansuri amehama duka. Nimeandika tena kwa sanduku hilohilo kwa kuwa sina njia nyingine, na namba yako hukunipa.

Wakili niliyepewa hapa anasema kiapo chako kinaweza kukuletea kesi kwa kitambulisho ulichochukua, na shamba likarudi kwa baba mdogo Alute. Naelewa kama unaogopa. Basi usile wewe kiapo. Mpeleke mama. Mama mzazi akisema, kila mtu anaamini, wewe mwenyewe uliniandikia hivyo. Aseme tu kwamba alipokushika... aseme alikosea kwa sababu ya macho. Mzee haonekani mwongo. Tafadhali mpe simu mama, wakili anasema hata simu inatosha kwa kuanzia. Namba yake iko chini.

Bega linaniuma, hapa hakuna maji ya moto ya kulikandia. Mwambie mama nalikanda kwa kulisugua na chupa tupu.

Ritha


Iguguno,
29 Juni 2025

Kwa mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika, zote mbili bila shikamoo. Nimekusamehe kwa kuwa uko kwenye matatizo. Marahaba.

Hapa hatujambo. Mwaka huu alizeti imekubali, vichwa vimeinama vyote upande mmoja. Flora yuko kidato cha pili Singida Mjini. Nikishika jembe navaa ile kofia uliyoituma, inazuia jua vizuri.

Mama hawezi kupokea simu. Mama alifariki Agosti 2023, asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mikono yake ikiwa mikononi mwangu. Hukupewa taarifa kwa sababu ulisema usiandikiwe, na mimi maneno yako huwa nayashika. Siku mbili za mwisho alikuwa anaita, "Ritha. Ritha." Nikawa naitika, "Abee mama." Sijui alikuwa anamwita nani kati yetu. Hilo ndilo jambo pekee linaloniliza, nalia hata sasa ninapoandika. Lakini kila alipoita palikuwa na mtu wa kuitika, na hakuwa wewe.

Unataka aseme alikosea kwa sababu ya macho. Hakukosea. Siku ile tulipotoka kwa mtendaji, bodaboda ilipata pancha, tukawa tunakwenda kwa miguu nimemshika mkono. Tulipofika korongoni akasimama akaniambia, "Kiganja chako cha kushoto kina sugu. Ritha hakuwahi kuota sugu huko. Nilijua ninachosema." Nikamuuliza kwa nini basi amesema vile mbele ya watu. Akajibu, "Mwenzako alikalia nafasi yako. Na wewe kalia yake." Hakulizungumza tena mpaka anakufa. Wewe ulidhani umemwachia mama cheti, kumbe alikuwa anakitunza.

Msalaba wake ni wa saruji, nimeufinyanga mwenyewe. Tumeandika tarehe zake, na kwamba ameacha mtoto mmoja.

Mwezi uliopita walikuja wanaume wawili na gari la wilaya, na karatasi iliyotoka huko ulipo. Baba mdogo Alute amehamia kwa wanawe Manyoni, hakuwepo wa kupiga kelele. Walimuuliza mtendaji, akafungua daftari. Wakaja kwangu, wakanikuta napepeta. Wakanionyesha picha yako, umekonda, nywele hujasuka. Wakauliza kama nakufahamu.

Niliishika picha ile muda mrefu. Nikaona tofali. Nikaona gauni langu la kanisani. Nikakumbuka barua ya baba, vipande vinne. Miaka ishirini yote nilidhani haikufika, nilikuwa nailaumu posta. Ungenificha hilo, mdogo wangu, leo ungekuwa kwenye ndege. Nakwambia kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kusema, "Huyu ni dada." Vile vipande vinne ndivyo vilivyoushusha.

Nikawaambia sura naifahamu. Nikawaambia niliiona zamani kwenye picha yenye sahihi, ni mcheza tenisi mmoja, jina lake Dina, lakini kwetu hatuna mtu wa namna hiyo. Wakanipa kalamu. Nikasaini kwa mkono wa kushoto, jina zima.

Kwa hiyo usimngoje mama, na usiningoje mimi. Ulisema mwenyewe kwamba kungoja ni kazi ya watoto, na kwamba wewe ungekwenda kwa miguu. Jiandikishe jina jingine huko. Chukua lolote. Nani anakujua?

Kanda bega.

Ni mimi dada yako,
Ritha